Kibonde Waliofuata Waya

Mbuyu Clémence ni binti wa Kalenga Jean-Baptiste, yule aliyeng'ata kamba kwa meno akaogelea nayo mpaka nchi kavu siku boti ya mahindi ilipopasuka mbele ya bandari ya Kalemie, na watu wakatoka majini mmoja mmoja wakiifuata kamba ile. Kalenga alizaliwa na Mujinga, mwanamke aliyekataa kulima pamba ya wazungu. Wakamfunga, akatoka, akakataa tena, mpaka wakachoka wao. Na Mujinga alitoka tumboni mwa Mbuyu wa kwanza, ambaye mwaka wa njaa, watu walipokuwa wakivua hata vitoto vya samaki vya ukubwa wa kucha, aliingia ziwani na nguo yake mwilini, akapanda juu ya mawe, akasema atakayetaka kutupa ndoana hapo aanze kumtupia yeye. Hakuna aliyetupa.

Clémence mwenyewe hakosi ya kwake ya kusimuliwa. Wakati wa vita alibanika samaki wa askari wa pande zote, na pande zote ziliondoka bila kuiba hata mmoja, kwa sababu alikuwa amesimama pale na mwiko mkononi. Ziwa lilipopanda juzi juzi na kumeza barabara ya kwao, aliibomoa fulu yake ya kubanikia samaki, akaibeba tofali kwa tofali kichwani, akaijenga upya juu ya kilima, wakati majirani bado wanajadiliana kama maji yatarudi. Shuleni aliishia la tano kwa masista. Anasoma Biblia bila miwani na hapendi kusaidiwa kuvuka mfereji.

Lakini kazi iliyompa jina ni ya mawe. Yako kusini mwa mji, mbali kidogo na kelele za bandari, pale ambapo ufuko unakatika ghafla na maji yanageuka meusi. Katika mashimo ya mawe hayo hutagia kibonde, samaki wa ndevu asiye na magamba, mwenye miiba ya kumtoboa mzembe. Mvua za kwanza zikishuka, kibonde huingia. Jike hutaga, dume hubaki mlangoni kulinda mayai, hali, hatoki, mpaka kichwa kinakuwa kikubwa kuliko mwili. Ndipo mwanamke mkubwa wa ukoo hukata matete kando ya mto Lukuga, akayasuka pete nene, akalivisha jiwe la nje. Mawe yamefungwa. Hakuna mtumbwi unaosimama hapo mpaka yeye mwenyewe aivue pete, na siku hiyo samaki wa kwanza hugawiwa kila nyumba ya pwani, hata ya mlevi.

Kuna pia sharti la pili, ambalo vijana hulicheka: chuma kisikaribie mawe. Si nanga, si ndoana, si hata beseni. Kibonde husikia chuma. Kalenga alimwonyesha binti yake akiwa bado msichana mdogo: alizamisha ncha ya panga mbele ya shimo, katika maji yaliyochafuka kiasi kwamba jicho lisingeona kitu, na ndevu za samaki aliyekuwa ametulia humo zikatokeza, zikapapasa, kisha akageuka kwa kishindo na kuingia ndani. Panga halikumgusa.

Padri mmoja kijana aliwahi kumwuliza kama pete ile ni ya mizimu.

"Mupadri," alimjibu, "kule seminari walikuwa wanafunga mulango wa chumba chenu cha kulala. Ilikuwa ya mizimu?"

Padri alicheka, na maneno yakaishia hapo.

Basi kampuni ya upepo ilipokuja kusimamisha mtambo wake wa majaribio ziwani, mlingoti mrefu unaoelea, wenye mapanga matatu ya kuzunguka, Clémence hakuwa miongoni mwa waliopiga kelele. Umeme unaotoka kwenye bwawa la Bendera tunaujua: unakuja kama mgeni asiye na haya, unakula kidogo, unaondoka bila kuaga. Yeye alitaka taa. Alikwenda kwenye mitingi waliyoitisha, akaketi mbele, akatazama filamu waliyoonyesha ukutani. Ilikuwa ya bahari ya wazungu. Chini ya milingoti kama ile walipita samaki wakubwa wenye meno, na wengine bapa kama mkeka uliopepewa.

"Huyu anaitwa papa, na yule bapa ni taa," alieleza injenyeri wa kampuni, mwanamke kijana wa Lubumbashi jina lake Reine.

"Papa wa nani huyo, na meno ile yote?" alisema mzee Télesphore, mshona nyavu, na ukumbi mzima ukacheka. "Mama, sisi huku hatuna hao. Tuonyeshe ndagala wetu hawa wadogo."

Reine alicheka pamoja nao. Alisema kweli, ziwa hili halina papa wala taa, ila hao ndio waliochunguzwa sana, na wa kwetu hakuna aliyewachunguza. Watu hawakusikiliza sana hapo. Soda zilikuwa zinagawiwa.

Baadaye kampuni ililaza waya wa umeme chini ya ziwa, kutoka kwenye mlingoti mpaka pampu za maji za mtaa wa pwani. Uliteremka kando ya mawe ya Clémence, umbali ambao mtu anaweza kumwita mwenzake akaitika. Waliufunika kwa mawe madogo ili nanga zisiukate, wakaweka maboya mekundu juu yake. Mapanga yakaanza kuzunguka. Maji yakatoka bombani. Clémence alikinga ndoo yake, akasema asante Mungu kama watu wote.

Mvua zikashuka. Akakata matete, akasuka, akafunga mawe.

Haikupita muda, pwani ikawa sikukuu. Mitumbwi ilirudi asubuhi imelala kwa uzito, na ndani yake kibonde juu ya kibonde, hai, wanalia ile sauti yao ya kukoroma. Wazee walisema hawajaona vile tangu wakati wa Mobutu. Mchungaji wa kanisa moja la uamsho aliteremka ufukoni akainua mikono, akaomba juu ya mitumbwi, akaita baraka. Aliyesimama kando yake, kifua mbele, alikuwa Blanchard, prezida wa wavuvi, mtoto wa marehemu mdogo wake Clémence. Mtoto huyo alilelewa kwa moshi wa fulu ya Clémence na kwa minerval, karo ya shule, aliyolipa Clémence.

"Samaki wameongezeka!" Blanchard alimpigia kelele kutoka mbali. "Mama Mukubwa, upepo umetuletea samaki!"

Clémence alisimama ghafla. Alikuwa anatazama miguu yake. Alikuwa amekanyaga kitu laini, cha njano, kinachoteleza. Akainama. Mchanga wote pale, tangu kwenye mitumbwi mpaka kwenye meza za kupasulia, ulikuwa umepakwa mayai. Watu walipasua matumbo, wakachota mayai kwa vidole, wakayatupa, watoto wakateleza juu yake wakicheka, mbwa wakayalamba mpaka wakatapika, kisha wakarudia. Nzi walikuwa wengi hata mchanga ulionekana unatembea. Harufu yake ilimshika kooni. Alichovya miguu ziwani, akaisugua, akachovya tena, na bado alihisi ule utelezi katikati ya vidole.

Jumapili Blanchard alimwita kula. Rosine, mke wake, mwanamke wa Nyunzu mwenye mikono ya kazi na maneno machache, alileta bukari ya moto, ule ugali wetu, na sahani iliyofunikwa. Blanchard aliifunua mwenyewe, kwa fahari. Mayai ya kibonde yaliyokaangwa na nyanya na pilipili, yamejaa mpaka ukingoni.

"Ya heshima yako, Mama Mukubwa. Ya kwanza kabisa."

"Mulivua wapi?"

"Kwenye maboya. Kule samaki wamelala juu ya waya kama wanangojea misa. Hata haushushi kamba mara mbili."

"Na mawe nimefunga."

"Ee! Na hatukugusa mawe!" Blanchard aliweka mkono kifuani. "Mimi mwenyewe nimeweka walinzi. Juzi kijana mumoja alipitisha mutumbwi karibu na pete yako, tulimuchapa. Pete yako iko na heshima kuliko zamani zote."

"Hao wa waya wametoka wapi?"

"Wametoka kwenye mawe, lakini wametoka wenyewe. Hakuna aliyewavuta. Wewe umefunga mawe, Mama Mukubwa. Haukufunga waya." Akasukuma sahani karibu. "Ukule basi. Na siku ya kampuni kuja na kamera, utavaa kitenge kizuri, utasimama pale mbele ya pete, utasema desturi yetu na upepo wao vinapatana, samaki wameongezeka. Maneno yako yatasikika mpaka Kinshasa."

Clémence alitazama mayai yale yanayong'aa mafuta. Mbele ya macho yake aliona madume yamelala juu ya waya, vichwa vikubwa, ndevu zinapapasa kitu kisichoonekana, na nyuma yao mashimo wazi, mayai hayana mlinzi, kaa wanajihudumia. Alitoka mbio mpaka nyuma ya nyumba, akashika ukuta, akatapika hata maji ya asubuhi.

Kwetu, mama mkubwa akikataa chakula cha mtoto aliyemlea, ni jambo la kuitia kikao. Blanchard alimfuata mlangoni, uso umemwiva.

"Chakula ya muke wangu inakutapisha?"

"Chakula ya muke wako haina kosa," alisema Clémence, akijipangusa na pindo la kitenge. "Wewe njo mwenye unanitapisha. Unalinda mulango wa nyumba, na watoto unawakulia dirishani."

Akaondoka kwa miguu, jua kali, bila kukubali pikipiki aliyoitiwa.

Kilichomkera zaidi hakikuwa wale vijana wenye njaa. Ni ile heshima. Kila mtu aliyekutana naye njiani alimsifia pete. Mama, mawe yako salama! Mama, hata mimi siwezi kupita! Walisema hivyo na midomo inameremeta mafuta ya mayai. Pete ya bibi yake walikuwa wameifanya kitambaa cha kujifutia mikono. Alifika nyumbani akakaa chini, na kwa mara ya kwanza tangu alipoanza kufunga mawe aliwaza kwenda kuikata ile pete, ili wavue waziwazi kama walafi, wasivue kama watu wa ibada. Lakini akiikata, hata zile jozi chache zilizobaki mashimoni zitakwisha kabla ya mwezi kuandama. Na wasipotagia mwaka huu, mwaka ujao wataingia kina nani? Hakuna mawe mengine.

Jumatatu alikwenda biro ya kampuni, kontena moja jeupe kando ya bandari. Reine alimtolea kiti, akakaa yeye juu ya kreti.

"Ule waya wenu," Clémence alianza bila salamu ndefu, "uko nafanya nini kwa samaki yangu?"

Reine alivuta pumzi. Kiswahili chake kilikuwa cha Lubumbashi, cha haraka, kinachogeuza wa kuwa ba. "Mama, samaki ya ndevu banasikia umeme na ngozi. Hata kidogo sana. Kule baharini, papa na taa njo vile vile, njo mana benyewe bamechunguzwa. Kuko benye banakuja kuzunguka waya, banazania ni chakula. Kuko benye banakimbia. Bengine banapotea njia kidogo, banarudi. Mwenye atakwambia anajua yote, anakudanganya. Halafu yale mawe tulifunikia, nayo banayapenda."

"Kwa hiyo hawakuongezeka."

"Bamekusanyika tu, Mama. Nazania. Kama unaita watu ya mutaa yote mu nyumba moja, mutaa haijaongezeka."

"Na ulisema hivyo kwa watu?"

"Nilisema kwa prezida wa wavuvi. Nikamwambia, mu wakati ya mayai, wavuvi bakiomba, tunazima mutambo. Tulipatana vile tangu mwanzo. Alisema watu banafurahi, hakuna mwenye ataomba." Reine aliangalia mikono yake. "Mimi siwezi kuzima bila ombi yabo, Mama. Pampu zitasimama, watu ya mutaa bataniuliza."

"Na mukizima, wanarudi kwenye mawe?"

"Sijui. Tunaweza kujaribu."

Clémence alimtazama vizuri msichana huyo aliyesema sijui bila kuona haya. Angalau huyo hakunuka mayai.

Alikwenda kwa wavuvi, kwenye kibanda chao. Aliwaambia waombe mtambo uzimwe mpaka mayai yaanguliwe. Walimsikiliza kwa adabu, kofia mikononi. Kisha mmoja akasema, Mama, umeme je? Mwingine akasema, Mama, hata papa wa wazungu wanaishi vizuri pale, tuliona kwenye filamu. Blanchard akasema, kwa sauti ya upole ambayo ilimtia kinyaa kuliko tusi, kwamba Mama Mukubwa amezeeka, mwili wake hauko vizuri, hata juzi alitapika, wamwombee. Na kweli wakainama wakamwombea. Alisimama katikati yao, akaombewa kama mgonjwa, na mmoja aliyemshika bega alimwachia magamba ya ndagala kwenye kitenge.

Amina ilipotamkwa, alisema, "Nimewasikia. Sasa na mimi mutanisikia. Samaki mwenye mayai haingii kwenye fulu yangu."

Walicheka kidogo. Fulu moja!

Hawakukumbuka nani aliwafundisha kubanika wanawake wa pwani ile nzima. Kibonde hakauki kwa jua kama ndagala; ana mafuta, ana ngozi nene, asipobanikwa siku ileile anaoza na kunuka mpaka mtu anafunga dirisha. Mwanamume anavua, mwanamke anabanika, ndiyo kazi ilivyogawanyika kwetu, na mwanamume anayechochea fulu hupata jina asiloweza kulivua. Clémence alizunguka nyumba kwa nyumba. Hakuhubiri. Aliwauliza kila mmoja swali moja: "Wewe ulibanika nini mwaka jana kipindi hiki?" Na kila mmoja alijua jibu: hakubanika kibonde, kwa kuwa mawe yalikuwa yamefungwa. Wengine walikubali kwa kumheshimu, wengine kwa kumwogopa, na Mama Emilie wa mtaa wa juu alikubali kwa sababu alikuwa amegombana na mume wake.

Siku iliyofuata mitumbwi ilikuja imejaa, na fulu zilikuwa baridi.

Mwanzoni wanaume walifanya mzaha. Wakauza wabichi, lakini mji hauwezi kula kibonde wote wale. Wakapeleka baadhi Katanika kwa pikipiki, wakarudi na nusu, kwa kuwa barabarani jua liliwahi. Wakajaribu kubanika wenyewe, wakachoma kuni mbichi, wakatoka macho mekundu kama waliofiwa, samaki wao mweusi nje, mbichi ndani. Mzee Télesphore aliketi mbali akishona wavu na kuwapa ushauri ambao hawakuuomba.

"Geuza upande wa pili, mama Rubens!" alimwambia jitu moja lenye ndevu. "Na ukimaliza uje unisuke nywele."

Kisha harufu ikaanza. Lundo la kibonde lilivimba mchangani, matumbo yakapasuka yenyewe, maji ya njano yakatiririka mpaka ziwani. Watu walipita wakiwa wameshika pua. Kunguru walishiba wakashindwa kuruka. Clémence alikuwa akishuka kila asubuhi, anasimama upande upepo unakotoka, anatazama, na uso wake haukuonyesha ushindi wowote. Kila tumbo lililopasuka lilikuwa shimo moja tupu kwenye mawe. Alikuwa anaona uozo wa watoto wa samaki wake, na walaji wake walikuwa wa damu yake.

Asubuhi moja pua yake, iliyozoea moshi tangu utotoni, ilinusa kitu kingine. Moshi wa kibonde, mzuri, wa kuni kavu. Aliufuata kama mtu anavyofuata wimbo, mpaka uani kwa Blanchard. Rosine alikuwa ameinama juu ya fulu ndogo iliyojificha nyuma ya choo, na samaki wamepangwa safi juu ya waya wa kubanikia, na beseni lingine linasubiri.

Rosine alimwona, akasimama wima. Hakukimbia. "Bwana wangu njo aliniambia," alisema.

Clémence alikuwa na matusi tayari mdomoni, mazito, ya kuanzia kwa wazazi. Akayameza. Aliketi kwenye kigoda, akavuta beseni, akaomba kisu. Rosine alimpa. Akaanza kupasua samaki mmoja mmoja, na mayai hakuyatupa: aliyaweka ndani ya sufuria ya Rosine, ile ya kupikia bukari, iliyokuwa imeoshwa na kufunikwa. Alipasua, akaweka. Alipasua, akaweka. Sufuria ikajaa nusu, ikajaa, ikafurika, mayai yakashuka pembeni kama uji uliochemka, na nzi wakaja kama wameitwa. Rosine aliziba mdomo kwa kiganja. Alitazama sufuria yake. Beseni bado lilikuwa na samaki.

"Mama, inatosha," alisema.

"Haijatosha. Hii ni ya beseni moja. Ya mitumbwi yote utahitaji sufuria ya jeshi."

Rosine alichukua ndoo ya maji, akaimwaga juu ya moto. Fulu ilipiga kelele, majivu yakapanda, wote wawili wakakohoa.

Kesho yake watu wa kamera walifika. Blanchard alikuwa amevaa koti, amefagilisha sehemu ndogo ya ufuko na kupulizia manukato, kana kwamba manukato yanaweza kitu. Pete ya matete ilionekana vizuri nyuma yake, maboya mekundu upande, mapanga yanazunguka mbali. Alikuwa ameshaanza kusema neno baraka pale Rosine alipoteremka na sufuria kichwani. Alipita katikati ya watu, akaishusha miguuni mwa mume wake, akaifunua. Ilikuwa imelala usiku mzima na joto la mvua. Mwenye kamera aliruka nyuma akatapika juu ya viatu vyake. Reine aligeuza uso. Blanchard alijikaza, akajaribu kucheka, kisha harufu ikamwingia, na prezida wa wavuvi akainama na koti lake, mikono magotini, akatoa yote aliyokula mbele ya ukoo wake na mbele ya kampuni.

"Njo baraka yako hiyo," Rosine alisema, bila kupaza sauti. "Sema sasa. Wanangojea."

Hakuna aliyecheka. Wanawake walikuwa wamesimama nyuma, mikono imekunjwa, Clémence kati yao, na wote walikuwa wanamtazama prezida tu. Blanchard alijifuta mdomo. Alimtafuta mama yake mkubwa kwa macho, kama alivyokuwa akifanya akiwa mtoto aliyevunja chungu, na Clémence hakumsaidia kwa neno hata moja.

"Muzime," alimwambia Reine hatimaye, sauti ya kukwaruza. "Wavuvi wanaomba. Muzime mpaka mayai yaishe."

Mapanga yalisimama alasiri ile. Pampu zikanyamaza, na ndoo zikarudi vichwani. Wako waliomlaani Clémence kwenye foleni ya kisima, na yeye alipanga foleni hiyohiyo, akasikia, akajaza ndoo yake, akaenda. Maboya yaliachwa bila mtumbwi. Lundo la ufukoni lilizikwa na wavuvi wenyewe, vitambaa puani.

Mvua zilipopungua, alimwita Rosine. Wakapanda mtumbwi wa miti mitupu, usio na msumari, wakasogea mpaka kwenye mawe. Clémence alilala kifudifudi, uso karibu na maji, kama alivyofundishwa. Shimo la kwanza lilikuwa tupu. La pili, kaa. La tatu, la nne, matupu, na utando umeanza kuota mlangoni. Aliyataja kwa majina, maana yana majina yake, na kila jina lilitoka kama anatema. Upande wa kivuli, chini kabisa, alikuta ndevu mbili zinapapasa. Kidogo mbele, dume jingine, limekonda, kichwa kikubwa, na nyuma yake vitoto vyeusi kama mbegu za papai. Baada ya hapo hakuna. Miaka mingine mtu alikuwa anachoka kuhesabu.

"Watarudi?" Rosine aliuliza.

"Yule injenyeri alisema hajui. Mimi pia sijui." Clémence aliketi, akakamua pindo la kitenge chake. Bado alikuwa na ile harufu kooni; hata sabuni ya kanisani ilikuwa haimwondolei. "Mwaka huu pete haitoki. Hakuna kugawa."

"Watu watalalamika."

"Walalamike na matumbo yao." Alimgeukia Rosine. "Kwetu mwenye kufunga ni mwanamuke mukubwa wa ukoo. Baada yangu ni binti ya baba mudogo wangu, Gisèle. Yule alikula mayai, akaomba na ya kubeba."

Rosine aliweka kasia magotini.

"Wewe ni wa Nyunzu. Hauna damu yetu hata tone. Watasema nimepata wazimu, na Blanchard atakuwa wa kwanza. Hiyo ni kazi yako, utapambana nayo nyumbani. Sasa unisikilize. Mimi nilikosa kwa kufunga mahali bibi yangu alifunga, bila kuangalia samaki wako wapi. Mvua zijazo zikianza tu, mutambo ukiwa bado unazunguka, utaenda na Reine, mutateremka mpaka kwenye maboya, muangalie vizuri. Usiulize wavuvi. Wakiwa kwenye waya, funga waya. Wakiwa kwenye mawe, funga mawe. Wakiwa mulango wa bandari, funga bandari, na mukubwa wa bandari akikuuliza, umutume kwangu kama bado niko. Kama siko, umujibu wewe."

"Na matete, Mama? Mimi sijui kusuka."

"Chukua kasia," alisema Clémence. "Tunapita Lukuga, nikuonyeshe ya kukata."